Kuzunguka Ghuba Nikitafuta Tone Moja

Tangu nirudi, kila mtu ninayekutana naye kanisani au sokoni ananiuliza kilitokea nini. Nikianza kusimulia ananiharakisha. Anataka mwisho nikiwa bado sijatoka Muhoroni. Kwa hiyo nimekaa chini niandike. Someni polepole, mtafika.

Mnaonijua mnakumbuka kwamba nilifundisha fizikia miaka mingi, na nilipostaafu nikanunua kamera nikaanza kupiga picha za maji. Si ziwa. Ziwa limepigwa picha vya kutosha. Mimi napiga maji yanapovunjika: tone likigonga beseni, maji ya vyombo yakimwagwa uani, mbwa akijikung'uta baada ya mvua. Tone likianguka kwenye maji yaliyotulia, maji yaliyolizunguka huinuka yakawa ukuta mdogo, na ukingo wa ukuta huo hukatika vidole vidole, kila kidole na shanga yake kwenye ncha. Kwa kitambo kifupi sana unaona taji. Ukipepesa jicho limeshaanguka. Linatokea jikoni kwenu kila siku na hakuna anayeliona.

Kisha nikapata kiharusi. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, mkono wa kulia haukurudi wote. Unatetemeka, na kidole hakina nguvu ya kubonyeza. Mwanangu Oduor, anayeishi Nairobi, akaamua nihamie kwake, ghorofa ya nne. Si mtoto mbaya. Anaogopa, na mtu mwenye hofu hupenda kuamua mambo haraka.

"Mama, huwezi kukaa Kisumu peke yako," aliniambia kwa simu.

"Nani amesema?"

"Mkono umesema."

Tukabishana mpaka akachoka. Mwisho akasema hivi: "Sawa. Zunguka ghuba ya ziwa peke yako. Muhoroni, halafu Mbita, uvuke kwa feri, urudi. Ulete picha moja tu ya maji, kali, kama zile za zamani. Ukileta, sitaongea tena juu ya kuhama. Usipoleta, Jumamosi nakuja na pikapu."

Nadhani alijua nitakataa. Ilikuwa Jumapili jioni. Kabla hajakata simu nilikuwa nimeshainama chini ya kitanda natafuta viatu vyangu vya kutembelea.

Muhoroni

Nieleze kwanza jinsi ninavyoshika kamera, kwa sababu jambo hilo lilinifuata njia nzima. Kitufe cha kupigia kiko upande wa kulia, juu, kana kwamba aliyeitengeneza hakuwahi kumjua mtu aliyepungukiwa na mkono huo. Lakini ukiipindua, kichwa chini, kitufe kinahamia kushoto, na kidole gumba cha kushoto kinakifikia vizuri kabisa. Picha inatoka imepinduka, unaigeuza baadaye. Niligundua hivyo peke yangu nikiwa kitandani, na siku hiyo nilijua kwamba sijaisha.

Ninachokiona mimi kuwa uvumbuzi, watu wa barabarani waliona ni kosa. Nilikuwa hata sijaketi katika hoteli moja ndogo karibu na kiwanda cha sukari, dereva wa trekta la miwa akaniita kutoka meza ya pili.

"Mathe, kamera yako iko juu chini."

"Najua."

"Si unaona hiyo kitufe iko chini?"

"Ndipo ninapokitaka."

Akamwangalia mwenzake. "Huyu amekataa msaada."

Mvua ya huko huja alasiri, na ilikuja. Nilimwomba mwenye hoteli sufuria, nikaiweka chini ya ukingo wa bati, mahali ambapo maji ya paa hudondoka tone kwa tone mvua ikipungua. Mkitaka kujaribu nyumbani, fanyeni hivi: simamisha kijiti cha kiberiti mahali tone linapoangukia, lenga kamera kwenye kijiti mpaka kionekane wazi, kisha kitoe. Sasa kamera inajua mahali, na kazi yako imebaki kungoja.

Dereva alisogea na kikombe chake cha chai. "Madam, hii sufuria unangojea ichemke?"

"Nangojea tone."

"Tone gani? Hizi zote ni tone."

"Lile litakaloanguka nikiwa tayari."

Akakaa. Akangoja nami karibu saa nzima, huku trekta lake limejaa miwa barabarani, wenzake wakipiga honi. Kisha mvua ikageuka ya mawe. Jiwe moja likaanguka katikati ya sufuria, likanirushia maji usoni na kwenye kamera, na dereva akacheka mpaka chai ikamwagika.

Nilipozitazama picha jioni, hakuna iliyofaa. Si kwamba mtetemo unachora ukungu. Kamera hufumba jicho lake upesi kuliko mkono unavyotetemeka. Tatizo ni hili: ukikaribia kitu kidogo, kamera huona wazi kipande chembamba tu cha hewa, unene wa kidole. Mkono wangu ulikuwa ukienda mbele na nyuma zaidi ya unene huo. Matone yangu yote yalikuwa nje ya kipande. Nililala nikiwa nimekasirikia kidole.

Ahero

Sikupiga kitu Ahero. Nilitaka ng'ombe wanaolima mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, kwa maana kila ukwato unapong'oka kwenye tope hurusha maji mazuri sana. Nikakanyaga ukingo wa shamba, ukingo ukakatika, nikaketi kwenye maji mpaka kiunoni nikiwa nimeinua kamera juu ya kichwa.

Mwanamke aliyekuwa akipandikiza miche alikuja, akanishika makwapani, akaninyanyua kama gunia. Kisha akanitazama, akaitazama kamera.

"Mama, wewe umeanguka, lakini hii imebaki imesimama. Kati yenu nani ndiye mgonjwa?"

Alinipa leso yake nijifunge wakati sketi yangu inakauka, tukanywa uji wake wa wimbi kwa kikombe kimoja. Niliondoka na tope ndani ya viatu na siku moja pungufu.

Kendu Bay

Hapa ndipo nilipokaribia kupigwa.

Wauza samaki wa ufuoni wana tabia moja ambayo mmeiona maisha yenu yote bila kuiangalia. Samaki wakiwa mezani, muuzaji anachovya mkono kwenye beseni na kuwanyunyizia, kila baada ya muda mfupi, bila hata kutazama. Vidole vinafunguka, maji yanaruka kama mbegu zinazopandwa, na jua likiwa upande wa pili kila tone linawaka. Nilikuwa nimelingojea jambo hilo tangu Kisumu. Nikajibanza kando ya meza ya mama mmoja mnene aliyeitwa Min Awuor, mama yake Awuor, nikapindua kamera, nikaanza kupiga.

Alisimamisha mkono hewani.

"Wewe mama. Unapiga nini?"

"Maji, mama yangu. Maji tu."

"Kwa nini maji? Samaki iko hapa, kubwa hivi, wewe unapiga maji?"

Nikaelewa, lakini nilichelewa. Kuna maneno sokoni kwamba wengine huwanyunyizia maji samaki wa juzi ili wang'ae kama wa leo. Na mimi, mgeni mwenye miwani na kamera, nilikuwa nimeacha samaki nikapiga mkono na maji. Ningekuwa yeye, ningefikiri alivyofikiri.

"Ametumwa na kaunti," akasema wa meza ya jirani. "Siku hizi wanatuma wamama wazee, tusishuku."

"Samaki yangu ilitoka ziwa leo asubuhi," Min Awuor akasema, na sasa alikuwa amesimama. "Maji ni ya kuzuia jua na nzi. Andika hivyo. Na hiyo kamera umeshika kinyume, ndiyo tusijue unapiga nani?"

Wengine walishasogea. Nilijaribu kueleza habari za tone na taji, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Mwisho nikamgeuzia kioo cha kamera. "Angalia mwenyewe."

Akaangalia. Akasogeza nyingine, na nyingine. Kila picha ilikuwa na wingu jeupe mahali maji yalipopaswa kuwa.

"Hii ni nini? Umepiga moshi?"

"Mkono wangu unatetemeka."

Akapeleka kamera kwa jirani yake, jirani akapeleka kwa mwingine, ikazunguka meza zote. Nikasikia kicheko kikianzia mbali na kuja.

"Kama huyu ni wa kaunti," Min Awuor akasema, "basi kaunti imepata hasara. Kaa chini, mama. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Alinikaangia ngege mmoja kutoka meza ile ile, akisema nionje nijue kama ni wa juzi, akaniwekea na ugali wa mtama na mboga ya akeyo iliyotiwa maziwa. Nilikula kwa mkono wa kushoto, akaona. Aliuondoa mwiba mkubwa tu na kuuweka kando ya sahani.

Oduor alipiga simu nikiwa bado nalamba vidole.

"Mama, umefika wapi?"

"Kendu Bay. Nimeshiba."

"Na picha?"

"Bado."

"Nimeshaongea na mtu wa pikapu. Jumamosi saa nne tutakuwa kwako. Mama, si aibu kurudi nyumbani sasa. Umejaribu."

Nawaomba mnaosoma mkiwa na watoto wakubwa, mnisikilize hapa. Neno "umejaribu" huambiwa mtoto aliyeshindwa mbio za magunia. Nilimwambia kwamba siku ya Jumatano ina saa nyingi na kuna Alhamisi nzima nyuma yake, nikakata simu.

Usiku nililala Homa Bay. Asubuhi nilijaribu matone ya umande kwenye majani ya ndizi kabla jua halijapanda. Moshi mtupu.

Mbita, na kile kiti

Feri ilikuwa imesimama. Upepo ulikuwa umesukuma gugumaji usiku kucha mpaka likajaa gatini kama zulia la kijani, na feri haikuweza kusogea. Tulikaa pale tangu saa tatu. Saa tano tukaambiwa saa sita. Saa sita hatukuambiwa kitu.

Aliyekaa karibu nami alikuwa na mnara wa beseni za plastiki uliofungwa kwa kamba, mrefu kuliko yeye. Aliitwa Mama Njeri, mzaliwa wa Murang'a, ameuza beseni Kisumu miaka mingi kiasi kwamba alinisalimia kwa Dholuo, lugha yetu, na kunikosoa Kiswahili.

"Wewe ni mwalimu," alisema.

"Umejuaje?"

"Umenieleza gugumaji linavyozaana, na mimi nilikuuliza saa tu."

Saa saba boti moja ya mbao yenye injini ilikubali kutuvusha kutoka ufuo wa jirani, mahali pasipo na gugu. Tukapewa majaketi ya kuelea, tukapanda. Nilichagua kiti cha nyuma, chini kabisa, kwa sababu pale maji yaliyovuja ndani yalikuwa yakichezacheza miguuni nikayapenda. Watu wote walikipita kiti hicho. Nilidhani wananipa heshima ya umri.

Tulipokwenda kidogo, mwendesha boti akanirushia mtungi wa plastiki uliokatwa mdomo. Ukanigonga goti.

"Mama, umekaa kwa kazi," akasema.

Boti za mbao zote huvuja kidogo, na mtu lazima ayachote maji na kuyatupa nje safari nzima. Katika boti ile sheria ilikuwa moja: aliyekaa kwenye kile kiti ndiye anayechota, mpaka ubao wa chini uonekane. Ukionekana, anahama na wa mbele yake anashuka kukaa hapo. Kila mtu alijua isipokuwa mimi.

Mzee mmoja mwenye suti nyeusi, anayekwenda matanga, akanyoosha mkono. "Lete, mama. Huwezi, mkono wako ni mgonjwa."

"Ubao haujaonekana," nikasema.

"Mama, mos," akasema, yaani taratibu, usijiumize.

"Nitakwenda mos. Lakini nitachota."

Nilichota kwa kushoto. Mkono wa kulia niliuweka chini ya mtungi uwe egemeo, na ulikubali. Ilinichukua muda mrefu. Hakuna aliyeniharakisha, na hakuna aliyenisifu pia, nikawashukuru kwa hilo. Ubao ulipoonekana, mwendesha boti akasema, "Haya, mwingine," kama angemwambia mtu yeyote.

Tukabadilishana, mzee wa suti akashuka, na mimi nikakaa juu kidogo nikimtazama. Hapo nikaona.

Alikuwa akichota kwa mwendo ule ule, na maji yakipita mahali pale pale juu ya ukingo wa boti kila mara. Moja, mbili, rusha. Moja, mbili, rusha. Kwenye sufuria ya Muhoroni pia maji yaliangukia mahali pale pale, lakini hapa kulikuwa na jua nyuma ya maji, na mpigo ambao hata mtoto wa darasa la kwanza angeuhesabu. Nikapindua kamera, nikaiegemeza kwenye ubao wa boti. Moshi. Ubao ulikuwa ukibeba mtetemo wa injini na kuuongeza kwenye wangu.

Mama Njeri alikuwa mbele yangu. "Unatafuta nini?"

"Mahali pa kuweka kamera pasipotikisika. Mbao zinatetemeka."

Akageuka upande, akapiga bega lake. "Weka hapa. Hili limebeba beseni maisha yote."

"Injini itakutikisa pia."

"Mimi na nyama hii yote?"

Na alikuwa sahihi, kifizikia. Mbao hupitisha mtetemo; nyama huumeza. Niliilaza kamera kwenye bega lake, kichwa chini, nikabana shavu langu kwenye jaketi lake.

Mzee wa suti aliona. "Msinipige uso. Nimevaa suti ya matanga nachota maji, watu wa kwetu watasema nini?"

"Sitaki uso wako, jaduong', mzee wangu. Nataka maji."

"Hata yeye hatakiwi," Mama Njeri akasema. "Amevaa bure."

"Mama Njeri, usicheke. Shika pumzi nikikuambia."

Nililenga msumari uliokuwa ukingoni, pale maji yalipopitia. Nikahesabu mpigo wa mzee. Moja, mbili, pumzi. Mama Njeri akashika pumzi. Nikabonyeza. Tulifanya hivyo mpaka ubao ukaonekana tena, na mzee, ambaye angeweza kuhama, akasema bado kuna maji kidogo pembeni, akaendelea.

Luanda Kotieno mpaka Kisian

Sikuzitazama picha majini. Niliogopa. Nilizitazama tuliposhuka ng'ambo, nikiwa nimesimama kwenye kivuli cha beseni za Mama Njeri.

Ilikuwepo. Maji yametoka mtungini yakafunguka hewani kama kitambaa kinachopasuka, na pembeni mwa mpasuko shanga zimejipanga, kubwa kwa ndogo, kila moja kali kama ncha ya sindano. Niligeuza kamera picha isimame sawa, nikaikuza. Ndani ya shanga kubwa mlikuwa na ufuo mzima wa Mbita, milima na mabati, umening'inia kichwa chini. Tone hufanya hivyo; ni lenzi ya mviringo, hupindua kila kilicho nyuma yake. Nimelifundisha hilo ubaoni mara nyingi na sikuwahi kulikamata.

Mama Njeri aliangalia muda mrefu. "Mimi ndiye bega," akamwambia mwanamume aliyekuja kumbebea beseni, ambaye hakuelewa kitu.

Barabara ya kurudi sina la kusimulia sana. Gurudumu lilipasuka tukiwa karibu na Kisian, tukashuka wote. Sikuweza kungoja. Nilikwenda kwa miguu mpaka Otonglo, nikanunua mapera, nikamwonyesha picha muuza mapera. Akasema ni nzuri, ila ningepiga na mapera.

Nyumbani, Jumamosi

Ijumaa nilikwenda mjini nikaichapisha kubwa, upana wa sinia, nikaiwekea fremu.

Saa nne kasoro pikapu ilisimama mlangoni. Oduor aliingia, akanikumbatia, akautazama kwanza mkono wangu, ndipo akaona picha ukutani. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hii umepiga wewe?"

"Mimi."

"Kwa huo mkono."

"Kwa ule mwingine. Na bega la Mama Njeri."

Ningeweza kunyamaza. Nilimsimulia yote: leso ya Ahero, mwiba wa Kendu Bay, kile kiti. Alisikiliza akiwa amesimama, kama alivyosimama akiwa mtoto anayetafuta kosa katika hesabu yangu.

"Basi ulisaidiwa," akasema mwishowe. "Tulisema peke yako."

"Nilikwenda peke yangu. Nilisaidiwa kila mahali."

"Mama, hayo ni maneno ya kuzunguka."

"Wuoda," nikamwambia, mwanangu, "kule kwako ghorofa ya nne, nikitaka bega la kuegemeza kamera, nigonge mlango gani?"

Aliwaza. Nilimwona akipanda ngazi zake kichwani, mlango kwa mlango, na sikumharakisha. Mwanafunzi akiwa anafikiri hupaswi kumharakisha. Nje, dereva wa pikapu alipiga honi mara moja.

"Kuna mzigo gani?" dereva akaja akauliza kutoka mlangoni. "Tuanze na kitanda?"

Oduor alinitazama. Kisha akanyoosha mikono yote miwili akaitungua picha ukutani.

"Ni hii tu," akamwambia.

Walikula kwanza, bila shaka. Hakuna anayetoka kwangu na njaa. Kisha pikapu ya tani moja ikaondoka kuelekea Nairobi ikiwa tupu nyuma, kamba zake bado zimekunjwa. Mbele, Oduor alijibana katikati karibu na dereva. Kiti cha dirishani, kile walichoniwekea mimi, kilikaliwa na picha, na alikuwa ameifunga mkanda.